Koncheto ya Pili ya Rachmaninoff: Uanze na Rekodi Ipi?

Anayeitafuta Koncheto ya Pili ya Piano, yaani utungo wa piano na okestra, ya mtunzi Mrusi Sergei Rachmaninoff katika huduma yoyote ya muziki mtandaoni hukutana na orodha ndefu ya rekodi, na majalada yake hayamwambii lolote kuhusu tofauti iliyopo kati ya hii na ile. Tofauti hizo si ndogo. Noti zilizoandikwa ni zilezile, lakini ipo rekodi inayoumaliza utungo mzima kwa dakika 31 hivi na ipo inayokaribia dakika 35. Ipo ambamo piano imewekwa mbele kabisa ya sikio na okestra ikabaki nyuma, na ipo ambamo piano huzama ndani ya okestra kiasi kwamba msikilizaji hulazimika kuitafuta. Hapa ninalinganisha rekodi tano kwa kina na kuzigusa nyingine kwa kupita, kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua moja ya kuanza nayo na pengine moja ya kuongezea baadaye.

Ni vyema niseme mapema upande ninaoegemea. Naamini kwamba koncheto hii imedhuriwa na mwendo wa polepole mara nyingi zaidi kuliko ilivyodhuriwa na haraka, na kwamba mpiga piano anayevuta kila noti ili tuone jinsi anavyoumia huidhoofisha hata pale anapopiga kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, mojawapo ya rekodi mbili ninazozithamini kuliko zote ni ya polepole sana, kwa sababu nitakazozieleza.

Rachmaninoff aliitunga koncheto hii mwaka 1900 na 1901, alipokuwa anatoka katika kipindi kirefu cha kukata tamaa kilichofuata kushindwa kwa Simfonia yake ya Kwanza mjini St. Petersburg mwaka 1897. Aliitunuku kwa daktari Nikolai Dahl, aliyemtibu kwa mazungumzo na hipnosia, yaani kumlaza mgonjwa nusu usingizi na kumsemesha. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga piano ilipopigwa kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza mjini Moscow mnamo Novemba 1901, na binamu yake Alexander Siloti akaongoza okestra. Ina sehemu tatu: ya kwanza ya mwendo wa wastani, ya pili ya taratibu, na ya tatu ya kasi inayohitimishwa kwa shangwe.

Mwanzo wake ndio mtihani bora wa rekodi yoyote, na hauchukui zaidi ya dakika mbili. Piano huanza peke yake kwa mapigo mazito ya noti nyingi kwa pamoja, kila pigo likijibiwa na noti ya F ya chini, na sauti ikipanda kutoka unong'ono hadi ngurumo. Kisha fidla pamoja na klarineti huingia na wimbo mkuu, na hapo ndipo wengi hushangaa: piano haiimbi wimbo huo bali huusindikiza, ikizunguka juu na chini kwa noti za haraka ambazo zinapaswa kusikika bila kuufunika. Kwa hiyo mpiga piano nyota, ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye jalada, anaianza kazi yake akiwa msaidizi wa okestra. Rekodi inayomwogopa nyota wake humsogeza mbele hapo na wimbo wa fidla ukapotea; rekodi iliyosawazishwa vizuri huviacha vitu viwili visikike kwa wakati mmoja.

Kuna jambo la viungo pia. Mapigo hayo ya mwanzo huutaka mkono wa kushoto utanuke hadi umbali wa noti kumi, na Rachmaninoff, ambaye mikono yake ilikuwa mikubwa isivyo kawaida, alijiandikia mwenyewe. Wapiga piano wenye mikono midogo huzivunja noti hizo, yaani huzipiga moja baada ya nyingine kwa kasi kutoka chini kwenda juu. Sioni kwamba ni kasoro, lakini hubadilisha sura ya mwanzo: pigo lililovunjwa huwa laini na lenye kutiririka, ilhali pigo lililoshikwa zima huanguka kwa uzito mmoja.

Mtunzi mwenyewe, 1929

Rachmaninoff aliirekodi koncheto hii mjini Philadelphia mnamo Aprili 1929 kwa kampuni ya Victor, akiwa na Okestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski. Wakati huo muziki ulirekodiwa kwa ajili ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo kila upande ulibeba dakika nne hivi, kwa hiyo utungo ulikatwa vipande na wanamuziki wakalazimika kusimama na kuanza tena. Leo vipande hivyo vimeunganishwa, na kampuni ya Naxos ni miongoni mwa zilizoitoa rekodi hiyo upya baada ya kusafishwa, pamoja na Koncheto ya Tatu.

Anayeisikiliza kwa mara ya kwanza baada ya kuzoea rekodi za kisasa hushtushwa na mwendo. Mtunzi haombolezi. Sehemu ya kwanza humalizika chini ya dakika 10, wimbo mkuu ukisonga mbele bila kusimama kujitazama, na mahali ambapo wengine hupunguza mwendo ili msikilizaji apumue yeye hupita kama aliyekwisha kusema alichotaka kusema. Hilo linalingana na maandishi: mwanzoni mwa karatasi za muziki ameweka alama ya metronomu, kifaa cha kupimia mwendo, inayodai mapigo 66 kwa dakika, na wapigaji wengi waliomfuata hawaikaribii. Uhuru wa kuvuta na kuachia mwendo upo tele, ila unafanyika ndani ya sentensi ya muziki, na mwisho wa sentensi hiyo anakuwa amerudi alipotakiwa kuwa.

Fidla za Philadelphia za enzi ile huteleza kutoka noti moja hadi nyingine, desturi ambayo okestra za baadaye ziliiacha kwa kuiona ya kizamani. Msikilizaji aliyelelewa na taarabu, ambamo fidla huteleza vivyo hivyo bila mtu yeyote kuona haya, atakuwa na sikio lililo tayari zaidi kuliko wahakiki wengi wa Ulaya. Tatizo ni sauti yenyewe: mchakato wa 1929 hauna upana wa stereo, besi ni nyembamba, na okestra inapopiga kwa nguvu zote hugeuka ukuta mmoja usioonekana matofali yake. Kwa sababu hiyo siipendekezi kuwa rekodi ya kwanza, ijapokuwa naona ni lazima iwe ya pili au ya tatu. Asiyejua okestra inasema nini mahali fulani hawezi kukijua kutokana na rekodi hii peke yake.

Richter mjini Warsaw, 1959

Miaka thelathini baadaye Sviatoslav Richter aliirekodi kwa kampuni ya Deutsche Grammophon akiwa na Okestra ya Filharmonia ya Taifa ya Warsaw chini ya Stanisław Wisłocki, na karibu kila alichokifanya kinapingana na mtunzi. Mapigo ya mwanzo ni ya polepole kiasi cha kumtia msikilizaji wasiwasi. Wapigaji wengi huanza polepole kisha huharakisha wimbo mkuu unapoingia. Richter haharakishi, bali huibeba kasi ileile na kuipeleka ndani ya wimbo, na sehemu ya kwanza ikafikia zaidi ya dakika 11.

Kwa nini basi simlaumu, ilhali nimekwisha kuulaumu mwendo wa polepole? Kwa sababu kwake polepole ni mpango. Kasi anayoianza nayo ni ndogo ili iwepo nafasi ya kupanda, na anapanda kwa hesabu, hatua kwa hatua, hata pale katikati ya sehemu ya kwanza ambapo okestra na piano hukutana kwa nguvu zote msikilizaji huona kwamba kila kilichotangulia kilikuwa kinaelekea hapo. Wengine wanaokwenda polepole husimama kila penye noti tamu, na wakifika kileleni hawana tena mahali pa kupanda. Tena Richter huyu huyu, akifika sehemu ya tatu, hupiga kwa kasi na ukali ambao wachache wameufikia, na hapo inadhihirika kwamba hakuwa mtu wa polepole kwa tabia.

Mikono yake ilikuwa mikubwa, na uzito wa mapigo ya mwanzo unasikika. Kasoro ya rekodi ni okestra. Wanamuziki wa Warsaw wanapiga kwa bidii, lakini sauti ya fidla zao ni kavu na nyembamba ikilinganishwa na zile za Boston au London, na mafundi wameisogeza piano mbele kiasi kwamba katika dakika zile mbili za mwanzo msindikizaji anasikika kuliko anayesindikizwa. Ni stereo ya miaka ya mwanzo, safi ya kutosha, ila si ya kifahari. Kwa kawaida huuzwa pamoja na Koncheto ya Kwanza ya Tchaikovsky ambayo Richter aliirekodi mwaka 1962 na Herbert von Karajan mjini Vienna. Kwa maoni yangu rekodi hiyo ya Tchaikovsky haifikii nusu ya hii, kwa kuwa mpigaji na mwongozaji wanavutana.

Ashkenazy na Previn, Zimerman na Ozawa

Hizi mbili nazilinganisha pamoja kwa sababu zote zinaahidi kitu kilekile: okestra kubwa na tajiri, stereo iliyokomaa, na mpiga piano asiyekosea. Vladimir Ashkenazy aliirekodi kwa kampuni ya Decca mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa na Okestra ya Simfonia ya London chini ya André Previn, katika ukumbi wa Kingsway uliopendwa na mafundi wa sauti kwa joto la mwangwi wake, ingawa treni za chini ya ardhi zilizopita karibu ziliacha mara kwa mara ngurumo hafifu ndani ya rekodi zilizofanyika humo. Krystian Zimerman aliirekodi kwa Deutsche Grammophon mwaka 2000, akiwa na Okestra ya Simfonia ya Boston chini ya Seiji Ozawa, ikatolewa miaka michache baadaye pamoja na Koncheto ya Kwanza.

Katika rekodi ya Zimerman kila kitu kimepimwa. Yeye ni mpiga piano anayesafiri na piano yake mwenyewe ili asitegemee chombo cha watu, na tabia hiyo ya kutoacha jambo lolote lijiendee inasikika katika kila ukurasa: kila noti ya mkono wa kushoto ina uzito wake, kila upandaji wa sauti umekadiriwa, na maikrofoni ziko karibu kiasi cha kuyaonyesha yote. Mara ya kwanza nilistaajabu. Kadiri nilivyoirudia ndivyo nilivyoanza kuhisi kwamba ninaonyeshwa utungo badala ya kuusikia, hasa anapozivuta sentensi za sehemu ya kwanza kwa namna ambayo okestra ya Boston hulazimika kumngojea. Wapo wanaoiona kuwa bora kuliko zote, na sababu zao ninazielewa: kwa usafi wa piano na ukubwa wa vilele haina mpinzani miongoni mwa hizi tano.

Ashkenazy hashtui mtu. Previn aliufahamu muziki wa Rachmaninoff kwa undani, na huiacha okestra iimbe pale ambapo wimbo ni wake, huku Ashkenazy akikubali kuwa msindikizaji bila kulazimishwa. Pembe, chombo cha shaba cha kupulizwa, inapouimba peke yake wimbo wa pili kuelekea mwisho wa sehemu ya kwanza, piano ikiwa imenyamaza, mwongozaji hatafuti machozi bali huacha sauti ya chombo ifanye kazi. Lawama inayotolewa dhidi ya rekodi hii ni kwamba piano haina makali, na kwamba sehemu ya tatu haina hatari iliyomo kwa Richter. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini kwa mtu ambaye bado hajaijua koncheto, na anayetaka kusikia kila kilichoandikwa kikiwa mahali pake, sioni iliyo bora, na hii ndiyo ninayoshauri aanze nayo. Aidha hupatikana katika seti pamoja na koncheto zote nne, jambo lenye maana kwa anayenunua, ingawa halina uzito kwa anayelipia huduma ya mwezi.

Tofauti ya wawili hawa huonekana vizuri katika sehemu ya pili. Nyuzi huanza kwa upole, piano huingia na noti zinazojikunja tatu tatu, kisha fluti na baada yake klarineti huleta wimbo ambao msikilizaji wa Afrika Mashariki huenda ameusikia redioni mara nyingi bila kujua asili yake, kwa kuwa Eric Carmen aliuchukua kwa wimbo wake wa mwaka 1975, "All by Myself", ambao Céline Dion aliuimba upya mwaka 1996. Zimerman huzigeuza noti hizo tatu tatu kuwa jambo la kusikilizwa kwa lenyewe. Ashkenazy huzishusha chini ya klarineti na kuacha wimbo upite juu yake. Msikilizaji akizisikiliza dakika tatu za kwanza za sehemu hiyo kwa wote wawili, moja baada ya nyingine, atajua papo hapo yeye ni mtu wa upande gani, na ushauri wangu hautakuwa na kazi tena.

Hough mjini Dallas, 2004

Rekodi ya tano ni ya Stephen Hough na Okestra ya Simfonia ya Dallas chini ya Andrew Litton, iliyotolewa na kampuni ya Hyperion ikiwa sehemu ya seti yenye koncheto zote nne na Rapsodi ya Paganini, utungo mwingine wa Rachmaninoff wa piano na okestra. Ilirekodiwa mbele ya hadhira. Hough alizichunguza rekodi za mtunzi mwenyewe na kuamua kuyaamini maandishi yake, kwa hiyo mapigo ya mwanzo hayachelewi na wimbo mkuu huingia ukiwa tayari unatembea. Mazoea ya miaka mingi huifanya kasi hiyo ionekane ya ajabu kwa dakika moja, kisha sikio hugundua kwamba wimbo umekuwa mrefu zaidi, kwa maana kwamba pumzi moja sasa inaubeba kutoka mwanzo hadi mwisho, ilhali katika rekodi za polepole hukatika njiani.

Anayependa hoja ya 1929 lakini hawezi kuvumilia sauti yake atapata hapa karibu kila anachokitaka, pamoja na besi na upana wa stereo. Kinachokosekana ni rangi. Nyuzi za Dallas hazina utajiri wa zile za London, na sauti ya Hough ni ya mwanga zaidi kuliko ya giza, jambo ambalo katika muziki huu baadhi ya wasikilizaji hawalisamehe. Kwa miaka mingi rekodi za Hyperion hazikupatikana katika huduma za mtandaoni, lakini tangu 2023, baada ya kampuni hiyo kununuliwa na Universal, zimeanza kuwekwa huko, na kikwazo hicho hakipo tena.

Nyingine, kwa ufupi

Earl Wild na Jascha Horenstein waliirekodi mwaka 1965 katika ukumbi uleule wa Kingsway kwa mwendo wa kasi unaokaribiana na wa mtunzi, na fundi akawapa sauti ambayo hadi leo haijachakaa. Asiyeipata ya Hough asisite kuichukua hii. Arthur Rubinstein na Fritz Reiner, Chicago 1956, ni chaguo la anayependa sauti ya piano iliyo nene na yenye kuimba, na Van Cliburn aliirekodi na Reiner huyo huyo miaka sita baadaye, kwa upana zaidi na kwa unyofu unaopendeza, ila kwangu mimi Cliburn hufikiri kidogo kuliko anavyohisi. Daniil Trifonov aliirekodi mwaka 2018 na Okestra ya Philadelphia chini ya Yannick Nézet-Séguin. Ni okestra ileile ya 1929, na ingawa hakuna mwanamuziki wa zamani aliyebaki, inavutia kuzisikiliza rekodi hizo mbili kwa pamoja. Trifonov huchimbua sauti za ndani ambazo wengine huzipita, na mara nyingine huchimbua mno.

Chombo cha kusikilizia nacho huamua mengi. Kwa spika ya simu, Zimerman na Ashkenazy hupoteza karibu kila kinachowatofautisha, kwani besi za mapigo ya mwanzo hazitoki kabisa, wakati rekodi ya mtunzi, ambayo tangu hapo haikuwa na besi nyingi, haipotezi kitu. Kwa vipokea sauti vya masikioni vya bei ya wastani, Richter husikika vizuri kwa sababu piano yake iko karibu. Anayesikiliza ndani ya daladala au matatu asihangaike na yoyote kati ya hizi, kwa kuwa unong'ono wa mwanzo utamezwa na injini, naye akiongeza sauti ili ausikie atarukwa na roho okestra itakapofika kileleni. Na anayetumia kifurushi cha data azipakue rekodi mbili usiku akiwa kwenye Wi-Fi, ya Ashkenazy na ya Richter, azisikilize zikiwa nzima bila kukatizwa, kisha aamue kama anahitaji ya tatu. Akiihitaji, iwe ya Hough kama Richter alimchosha, na iwe ya Zimerman kama Ashkenazy alimwacha na njaa ya piano.